Siku ya Tatu ya Kufunga, Ukweni Gesima

Hakuna kitu duniani kingeweza kunishangaza tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu pale Kiogoro, na nilikuwa sisemi kwa sauti ndogo. Nimepinduka na lori la ndizi mteremkoni nikatoka nikitembea, nikaanza kuokota mikungu. Nimeporwa mzigo mzima nikarudi nyumbani kwa miguu, na wiki iliyofuata nikawa sokoni tena. Nimesoma mpaka darasa la nne peke yake, na leo walimu ndio wanaokuja kwangu kukopa. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Nimepata nafuu. Sisemi nimepona, maana ugonjwa wa sukari hauponi, unatulia tu kama mbwa aliyeshiba. Sista wa kiliniki ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili ya wenzangu wanaokaa kwenye lile benchi wakingoja kuitwa majina. Alisema, "Mzee, wewe unapenda kuongea. Andika basi." Nimeandika kwa mkono wangu. Binti yangu Moraa amenirekebishia herufi, lakini maneno ni yangu.

Nianze na tumbo, maana nililipenda lile tumbo. Nililijenga kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila mtu Mosocho alilijua. Likitangulia kuingia mlangoni, watu wanasogeza viti. Nikienda kwenye mkutano wa wafanyabiashara sihitaji kujitambulisha. Yeye aliyezaliwa amekonda akanenepa kwa jasho lake, mwacheni atembee polepole aonekane.

Mimi nilizaliwa nimekonda. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyamira, na mama yangu alikuwa akichuma majani chai ya watu. Kulikuwa na ule msimu ambao mahindi shambani yana ndevu za kijani bado, na ya ghalani yameisha. Siku hizo mama alipika chinsaga, ile mboga chungu, tukala yenyewe bila obokima, ugali wa wimbi, wa kusindikizia. Siku nyingine hata mboga haikuwepo. Basi mama anachana kipande cha leso yake kuukuu, anatufunga tumboni mmoja mmoja, anakaza, halafu anatupiga kofi dogo mgongoni. "Haya. Sasa njaa haina pa kukaa. Nendeni mkapalilie." Nasi tunakwenda, tunacheka, tumbo limekazwa kama ngoma. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliopaliliwa asubuhi, namsikia mama akivuta lile fundo.

Kwa hiyo daktari aliponiambia nipunguze kula, nilimcheka.

Ilikuwa mwanzo wa mvua za masika. Nilikuwa nakunywa maji kama lori bovu, nayo yanatoka palepale. Macho yalikuwa na ukungu, nyayo zinawaka, na magoti yalikuwa yamekataa kunipandisha kwenye kiti cha dereva mpaka nisukumwe. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, mimi na Mama Moraa, mke wangu. Mvua ilipiga mabati hata majina hayasikiki, ikawa kila akiitwa mtu, watu watatu wanasimama. Nilipanda mzani nikasoma mwenyewe: kilo mia moja kumi na nane. Nilijivuna kidogo. Daktari, msichana mdogo ambaye angeweza kuwa rafiki wa Moraa, hakuona la kujivunia.

"Mzee, sukari yako iko juu sana. Nitakupa vidonge. Lakini punguza kula. Uzito huu ukipungua, utanishukuru."

Sista naye, mama mmoja wa kutoka kule ziwani, alinionyesha vidonge. Cha kwanza akasema hivi na hivi. Cha pili akakishika juu kabisa. "Hiki kidogo ndicho mkorofi. Ukikimeza lazima ule. Umesikia, baba? Umeze, ule."

"Sista," nikamwambia, "unaniona kama mtu anayesahau kula?"

Benchi zima likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Lile neno lake likaniingia sikio hili likatokea lile.

Mambo ya kufunga niliyapata kwa mteja wangu wa Nairobi, ambaye alikuwa mnene kama mimi. Siku hiyo nilipompelekea mzigo sikumtambua, suruali yake ilikuwa inaomba mshipi. Akaniambia anakaa siku tatu kwa wiki bila chakula, maji na chai kavu tu, na kilo zinakimbia zenyewe. Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua. Kama ni njaa tu, mimi na njaa tumelelewa nyumba moja.

Nitasema ukweli, sitaki mtu aje aseme nimeficha. Kufunga kulinisaidia. Siku ya kwanza kichwa kiliuma, nikawa mkali kwa wapakizi. Siku ya pili mdomo ulinuka mpaka Mama Moraa akageuza uso. Lakini siku ya tatu, mwili ukawa mwepesi ajabu. Nilipanda mgombani kukagua mikungu nikashuka bila kushika mti. Nilichukua mshipi wa suruali nikaukaza tundu mbili, nikasimama pale kati ya migomba nikakumbuka leso ya mama, na machozi yakanitoka, mimi mtu mzima. Ilikuwa kama nimerudishiwa ule mwili niliouacha Nyamira.

Mfungo wa kwanza uliondoka na kilo nne. Baadaye daktari aliniambia nyingi zilikuwa maji tu, lakini mimi nilihesabu zote. Mfungo wa pili, wa tatu, wa nne. Magoti yalinyamaza. Nililala bila kukoroma, Mama Moraa akaniamsha kuhakikisha kama niko hai. Ulipofika mfungo wa sita nilikuwa kilo mia na tano. Na wakati wote huo, kila asubuhi, nilimeza vidonge vyangu vyote kama mwanafunzi mzuri. Nilijiambia: sukari inapigwa huku na huku, kwa njaa na kwa dawa, itatokea wapi?

Sikumwambia daktari. Nilitaka kumshangaza.

Nyumbani hakukuwa shwari. Mama Moraa amenipikia tangu tukiwa na sufuria moja. Tulipooana tulikuwa na kibanda cha udongo nyuma ya soko, na jioni alikuwa ananingojea na ndizi za kupondwa na maziwa ya mgando, tunakula kwenye sinia moja, anaacha vipande vikubwa upande wangu. Sasa aliweka chakula mezani nami nikawa naondoka nikakague lori.

"Baba Moraa, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekula sokoni."

"Sokoni wapi? Sokoni wanasema umerogwa. Wengine wanasema biashara imekufa unaficha. Mimi niseme nini?"

"Waambie ni daktari."

"Daktari alisema usile kabisa?"

"Alisema nipunguze."

"Kupunguza na kuacha ni kitu kimoja?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aliyesoma mpaka kidato cha pili asinifundishe mimi ninayelipa. Hilo neno najutia hata leo kuliko yote. Alichukua sahani akaifunika, na siku zilizofuata akawa anapakua ya watoto peke yake.

Sasa nifike Gesima.

Wakwe zangu ni watu wa Gesima, wakulima wa chai, na mimi nilikuwa sijamaliza mahari. Ng'ombe mmoja alibaki kwa miaka ishirini na minne. Si kwamba nilishindwa. Baba mkwe, aliyekuwa bado hai wakati huo, alikuwa akisema mkwe akimaliza kulipa hataonekana tena, basi akamwacha huyo wa mwisho awe kamba ya kunivuta. Alikuwa mzee wa utani. Alipofariki, tukakubaliana na mashemeji niwapelekee huyo ng'ombe Jumapili fulani, mwanzo wa kiangazi. Nilinunua mtamba mweusi mwenye doa jeupe usoni, mtaa mzima ukasimama kumtazama akipakiwa.

Kwa kawaida nilikuwa nafunga Jumatatu hadi Jumatano. Wiki hiyo mizigo ilizidi, nikaanza Ijumaa. Kwa hiyo Jumapili ya mahari ilikuwa siku yangu ya tatu. Mtu mwenye akili angevunja. Mimi nikasema, watu wa Gesima waone mkwe wao ana mwili wa kijana. Asubuhi nikameza vidonge, nikavaa suti, nikakaza mshipi.

Wanaotujua wanajua kwamba ukweni hukatai chakula. Ukikataa umewaambia wakwe kwamba unawaogopa au unawadharau, chagua moja. Walileta obokima, nyama ya kukaanga, kuku na supu, na mvuke wake ukanipiga usoni. Nilinawa mikono. Nikachukua nyama, nikaijaza kwenye sahani ya Baba Mdogo Onchari, ndugu ya marehemu baba yangu na mzee wa kanisa, aliyekuja kunisemea. Alinitazama, akala. Nilimega tonge nikalizungusha vidoleni mpaka likapoa.

Shemeji Ombati, kaka wa mke wangu, macho yake ni ya kipanga. "Jamani, mla ndizi wa Kiogoro amekataa nyama yetu?"

"Nakula polepole, shemeji."

"Polepole gani, tonge limeshaota ndevu! Ama unaogopa tutakuongezea ng'ombe kwa kila mfupa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokumbuka vizuri. Baada ya hapo mikono ilianza kutetemeka, jasho likaniteremka mgongoni, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali, kama za watu walio upande wa pili wa bonde.

Yaliyofuata nimesimuliwa, na kila anayesimulia anaongeza chumvi. Wanasema nilisimama wakati Baba Mdogo anaongea, nikamwita Ombati kwa jina la mpakizi wangu, nikamwamuru akafunge turubai. Nikasema ng'ombe wangu arudishwe kwenye lori. Nikamuuliza mzee mmoja mwenye heshima zake kilo ya ndizi ni ngapi. Ulimi ulikuwa mzito, miguu inapishana.

"Amelewa," mtu akasema.

Baba Mdogo Onchari hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, na hajawahi kuketi na aliyeionja. Aliinama kwa aibu. "Mtoeni nje. Alale huko iishe."

Ombati na mwenzake wakanishika makwapa, wakanilaza kwenye nyasi nyuma ya stoo, wakarudi kuwaomba wageni msamaha. Mama Moraa hakuwepo. Alikuwa ameenda na dada zake boma la pili kumsalimu shangazi yao mgonjwa. Nikabaki pale peke yangu, saa nane ya mchana, na suti yangu.

Hapa lazima niwaeleze wageni jambo moja. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na akiwa jikoni wewe unapita mbali. Tunaita ensoni, yaani ile haya ya heshima inayokaa kati ya watu fulani. Mama mkwe wangu nilikuwa nimemheshimu miaka ishirini na minne. Tulikuwa tunasalimiana kwa hatua kumi, yeye ametazama pembeni, na nikiwa sebuleni aliniuliza habari akiwa nyuma ya ukuta. Sauti yake naijua kuliko uso wake. Ni kwa sauti hiyo alikuwa akiniuliza mvua ya Kiogoro, bei ya ndizi, na kama Moraa ameota meno.

Alitoka jikoni kumwaga maji akaniona. Aliita. Sikujibu. Akasogea hatua ambayo hajawahi kusogea, akaona jasho, akaona midomo.

"Ombati! Huyu hajalewa!"

"Mama, rudi ndani. Usimkaribie."

"Nawaambia hajalewa! Ni sukari imekwisha mwilini!"

"Mama, huyo ni mkwe wako. Watu wanatazama!"

Wanasema alisimama kama anayepima. Halafu akasema: "Baba yenu naye alikuwa na sukari, akatoka jasho hivi hivi. Tukasema amechoka, mwacheni alale. Mimi mwenyewe nikamfunika shuka. Sitaacha wa pili alale."

Akarudi jikoni mbio, yule mama wa miaka sabini, akaja na bakuli la sukari na maji kidogo kiganjani. Akapiga magoti kwenye nyasi, akakiweka kichwa changu mapajani mwake mbele ya wanaume wote wa ukoo wake na wangu. Akachovya kidole, akakitia mdomoni mwangu, akasugua sukari kwenye ufizi na shavu kwa ndani. Akachovya tena. Kuna wanawake waliojifunika nyuso. Baba Mdogo aligeuka akatazama mashamba ya chai.

Mimi ninachokumbuka ni utamu. Na mkono mgumu wa mchuma chai. Nilidhani ni mama yangu, nikamwambia kwa lugha yetu afungue leso kidogo, inabana. Wanasema hapo ndipo na yeye alipolia.

Nilipoweza kumeza walininywesha chai yenye sukari, wakanipakia kwenye pikapu ya jirani mpaka kituo cha afya, wakanitia dripu, kisha hospitali kubwa mjini Kisii. Daktari alisema dawa ile inakaa mwilini muda mrefu, inaweza kukuangusha tena ukishainuka, kwa hiyo nilizuiwa siku nne wakinichoma kidole kila saa chache.

Zile siku nne nazikumbuka kwa hamu, msinicheke. Kitanda cha pili alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Mjaluo anayefanya kazi mjini, naye ana sukari.

"Ndugu yangu," akaniambia, "sisi tunakula samaki tunaugua, nyinyi mnakula ndizi mnaugua. Sasa tule nini, mabati?"

Mke wake alikuwa akileta machungwa, anamenya mawili, moja langu. Na Mama Moraa alikuja kila siku na uji wa wimbi kwenye chupa. Siku ya kwanza aliweka chupa akaondoka. Siku ya pili alisoma karatasi ya dawa kutoka juu mpaka chini, akaikunja.

"Ulikuwa unameza hiki bila kula?"

"Ndiyo."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

Akanimiminia uji. "Kunywa. Nikutazame ukinywa." Nikanywa chini ya macho ya mke wangu kama mtoto, na sijawahi kunywa kitu kitamu vile tangu kile kibanda cha nyuma ya soko. Nikamwomba msamaha kwa lile neno la kidato cha pili. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe mpaka mvua za vuli.

Yule daktari msichana hakunigombeza. Alinitolea kile kidonge kidogo, akaandika kingine. Akasema kufunga si uchawi na si dhambi, kwa wengine kunafaa, lakini mwenye kumeza dawa ya sukari asijaribu kabla ya kuongea na anayemtibu. Sasa nala chakula changu cha mwisho jioni mapema, silali na tumbo zito, nimeacha soda, na safari yangu ya tano kiliniki mzani ulisema kilo tisini na nane. Zimeenda polepole, lakini hizi hazirudi. Wewe unayesoma hapo benchini: uliza. Hata ukiwa tajiri kama mimi, uliza.

Lakini Gesima palibaki na kidonda. Mama mkwe hakunisalimu tena. Nilienda mara mbili kumshukuru, na mara mbili alipitia mlango wa nyuma akaenda shambani. Wazee walisema ensoni imevunjwa, na mpaka itengenezwe, hatuwezi kusikilizana hata kwa kupitia ukuta. Baba Mdogo Onchari alisema hayo ni mambo ya kale, tuombe tu. Tuliomba. Mama bado alipitia nyuma. Aliniokoa, na kwa kuniokoa akanipoteza, na mimi nikawa mtu anayekosa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kumtazama usoni.

Niliwaambia wazee nitaleta mtamba mwingine. Nitaleta wawili. Nitaweka mabati mapya jikoni.

Mzee wao mmoja akatikisa kichwa. "Hatukuuzii. Mbuzi jike mmoja asiyewahi kuzaa na blanketi moja. Uchague mwenyewe, uje navyo kwa miguu mwenyewe. Lori liache barabarani."

Nikaenda. Mbuzi alikataa kupita katikati ya chai, nikamvuta, blanketi begani, viatu vimejaa tope, na watu wa kuchuma wakasimama kunitazama. Miezi michache nyuma nisingeupanda mlima ule. Wazee walimpokea mbuzi, wakampelekea mama blanketi jikoni, wakasema yaliyosemwa. Kisha nikaketishwa sebuleni. Chakula kikaletwa, obokima na chinsaga, kiasi changu. Nilimega tonge la kwanza. Halafu nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta.

"Baba Moraa."

"Naam, mama."

"Unakula?"

"Nakula, mama."

"Mwambie Ombati asikumalizie mboga. Na Kiogoro mvua imenyesha?"

Nikamwambia imenyesha. Nilisema hivyo tonge likiwa mdomoni.

Bili ya hospitali nililipa papo hapo na siikumbuki tena. Mbuzi elfu sita mia tano, blanketi elfu moja mia nane na hamsini. Yaani sauti ile ya nyuma ya ukuta ilinirudia kwa shilingi elfu nane mia tatu na hamsini, na hilo ndilo lililonishangaza.